Neno Lenye Nyota

Tartu, 4 Oktoba 1936

Dada Hilma,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama karibu na jiko utaitia humo. Mimi mzima. Chumba changu kina baridi, mama mwenye nyumba ananigawia kuni kwa uchungu kana kwamba anakata vidole vyake, na chakula ni kabichi, tena kabichi. Msalimie mama. Mwambie soksi zake ndizo zinazonisomesha, vitabu vinasaidia tu.

Sasa nije kwenye shida. Wakati wa kiangazi nilikuandikia kwamba Profesa wetu humpa kila mwanafunzi neno moja alifuatilie ukoo: lilizaliwa wapi, limezaa nani, wajukuu wametawanyikia nchi gani. Wenzangu wamepewa jembe, na daraja, na mwezi. Mimi nimepewa la kwetu, löyly. Usicheke. Ndiyo, huo huo mvuke unaopanda ukimwagia maji mawe ya moto ya sauna. Hapa Estonia wanauita leil. Waliivi, wale wachache waliobaki kwenye pwani ya Latvia, wanasema läul. Ukiwakalisha ndugu hao meza moja unaiona sura ya mama yao, neno ambalo hakuna mtu aliye hai aliyelisikia na hakuna aliyewahi kuliandika: leülü. Kwa kuwa hatujalisikia, tunaliwekea nyota mbele yake. Nyota ile inasema: huyu hatukumwona, lakini watoto wanafanana mno, lazima alikuwepo.

Kuna na ndugu wa mbali. Wahungaria wana neno la ukoo huo, na kwao si mvuke, ni roho. Watu wa kando ya mto Ob, kule Siberia, wanalo pia, na kwao ni pumzi. Basi kitu hiki kilianza kama pumzi ya mtu, halafu sisi tukakichukua tukakipeleka saunani. Swali ni maana ile ya pumzi ilitufia lini. Mwenzangu mmoja, Harald Kippar, kijana wa nywele za mafuta, anasema ilikufa zamani, kabla babu zetu hawajaiona bahari. Mimi nasema haijafa. Nyimbo za kale zinayo, lakini Profesa anasema nyimbo huhifadhi hata maiti, nimletee mdomo ulio hai. Katikati ya mwezi wa tano tutasimama mbele ya watu, mimi na Harald. Mmoja atabakizwa hapa chuoni kama msaidizi. Mwingine atafunga sanduku lake.

Ndipo nikakumbuka kwamba mama, alipokuwa akimkanda mgonjwa, alikuwa akinong'ona kabla ya kumwaga maji. Hayo maneno sasa unayo wewe. Niambie tu kama löyly imo humo, na inasemwaje. Niandikie mstari mmoja, dada. Sijakuomba kitu tangu nilipoazima koti lako.

Mdogo wako,
Saimi


Hirviniemi, 19 Oktoba 1936

Saimi,

Koti lile hukuliazima, uliondoka nalo.

Barua yako niliisoma nimekaa, kama ulivyoagiza, kisha nikamsomea mama, ukiacha pale pa mwisho. Amefurahi kusikia habari za soksi. Jioni nzima ilikuwa Saimi hivi, Saimi vile, Saimi amepewa neno na Profesa. Nilikuwa nakamua ng'ombe huku nalisikia jina lako likipita ukutani. Mimi napewa maneno na mama peke yake, na hakuna anayelisimulia hilo wakati wa kahawa.

Umezaliwa nyumba hii, kwa hiyo usijifanye mgeni. Maneno yale hutolewa kwa mtu mmoja tu wa nyumba hii, mdogo kuliko mtoaji, mdomo kwa sikio, ndani ya sauna. Yakishatoka, aliyeyatoa amebaki mtupu. Tangu mama anipe hajamgusa mgonjwa. Siku moja mzee Pekka alimbembeleza amuumike chuku mgongoni, mama akakataa, akasema sasa hiyo ni mikono ya kizee tu, nenda kwa Hilma. Basi wewe, ambaye ni mdogo wangu, na ambaye ndiye pekee duniani ninayeweza kumpa kwa bahati mbaya, unaniomba mstari mmoja. Huniombi mstari. Unaniomba nikae bure kama yeye, nikiwa na miaka thelathini na minne, sina mume, sina cheti, na sina kofia nyeupe ya waliofaulu mtihani, kama yako, ya kutundika ukutani.

Hapa kijijini mimi ni Hilma wa sauna. Wananijia wenye mgongo, wenye kichwa, wenye watoto wasiolala. Elvi Tiihonen ana mimba tena. Wawili wa kwanza walimfia kabla hawajalia, hilo unalijua. Huyu atazaliwa majira ya barafu ya ziwa kuoza na kupasuka, wakati halipitiki kwa farasi wala kwa mashua, na mkunga wa wilaya yuko ng'ambo. Elvi amenishika mkono kanisani mbele ya watu, akaniambia, "Hilma, safari hii nina wewe." Nikimpa Profesa wako maneno yangu, Elvi atakuwa na nani?

Nikwambie na jingine, maana nimeshachokozeka. Kila Jumamosi namwagia mawe maji, mama amekaa benchi la juu, na kila Jumamosi anasema, "Mvuke wa Saimi ulikuwa laini. Wako unapiga." Miaka yote hiyo, Saimi. Hujamwagia kata moja tangu uondoke, na bado mvuke mzuri ni wako. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wasemavyo watu. Kwetu asiyekuwapo ndiye mwenye vyote.

Vaa vizuri. Baridi ya huko nasikia ina unyevu.

Hilma


Pwani ya Waliivi, 15 Novemba 1936

Dada Hilma,

Nakuandikia nikiwa nanuka moshi wa samaki mpaka nyusi. Nimeletwa huku na basi, kisha gari la farasi, kisha miguu yangu. Nimepanga kwa bibi mmoja, Katrīn, anayezungumza Kiliivi na paka wake kwa kuwa wajukuu wanamjibu kwa Kilatvia. Ananilisha samaki bapa wa kuokwa kwa moshi, asubuhi na jioni, na ananikagua kama nimemaliza.

Nilimuuliza juu ya läul. Akanitazama kwa huruma. "Binti, umetoka mbali kote huko kuuliza mvuke?" Nikamuuliza kama mtu akikata roho watu wa zamani walisema läul imemtoka. Akasema, "Mvuke unamtoka mtu akila supu ya moto. Pumzi ni pumzi na mvuke ni mvuke. Nani amekutuma, mama yako anajua?" Nikacheka mpaka akakasirika. Lakini nilipopanda kulala sikucheka. Nimebisha hodi kila mlango wa ukoo huu. Waestonia hawana, Waliivi hawana. Harald atanipeleka nyumbani na kabichi yangu.

Sasa sikiliza, kwa kuwa na wewe umenisemesha. Unalia kwamba mama anausifu mvuke wangu. Mimi ningeutoa mvuke wote huo nikapata ulichopata wewe. Unakumbuka ile Jumamosi mama alipokupa? Mimi nakumbuka kila kitu. Aliniambia, "Saimi, nenda kaangalie kama Heluna amezaa." Ng'ombe wetu huyo alikuwa hana mimba, hata mimi nilijua. Nikasimama nje kwenye theluji, nywele mbichi zinaganda, nikitazama mlango. Mlitoka baada ya muda mrefu. Ulipita mbele yangu kama mtu aliyetoka kubarikiwa, hukunitazama. Mama akaniuliza, "Amezaa?" Nikasema bado.

Wewe unadhani nilikwenda shule kwa kuwa nilipenda vitabu. Nilikwenda kwa kuwa kulikuwa na kitu nyumbani ambacho nimenyimwa, na nisingeweza kula meza moja nacho. Nimezunguka nchi tatu nikiokota maneno ya mama za watu, kwa sababu maneno ya mama yangu anayo dada yangu. Nakuonea wivu, Hilma. Naandika wazi wazi ili usije ukasema sikukwambia. Nilikuonea wivu siku ile na nakuonea sasa hivi, na usiku huu ningeweza kukung'ata.

Nakuja Krismasi. Nitamuuliza mama mwenyewe.

Saimi


Hirviniemi, 6 Desemba 1936

Saimi,

Nilisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa zizini ili mama asinione uso.

Wewe unionee wivu mimi! Tazama mikono yako kisha uitazame yangu. Unavaa viatu vya kamba, unakaa na watu wanaobishana juu ya mvuke na kulipwa. Ningekuwa na mahali pa kwenda ningekwenda kabla ya Heluna kuzaliwa. Halafu unasimama ng'ambo ya bahari kuniambia kwamba kile kidogo nilichonacho, kimoja, nacho umekitamani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huyu mwenye shibe wangu bado anaangalia sahani ya mwenzake.

Umetaka kujua kama limo. Limo. Tena limekaa hivyo hivyo unavyotaka, pumzi kabisa, mvuke unaitwa uje umwingie mtu kama pumzi yake mwenyewe. Harald wako angemeza kola ya shati lake. Limo, na sikupi.

Umeridhika? Mimi nimeridhika. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi.

Njoo Krismasi. Mama ameshaanza kuhesabu siku, na mkate wa samaki ameniambia nioke mkubwa, wa Saimi. Kumuuliza, muulize. Chungu kimeshamiminwa.

Hilma


Hirviniemi, 3 Januari 1937

Saimi,

Umesahau kitambaa chako cha shingo. Sikitumi. Kitakaa hapa kama koti langu linavyokaa huko.

Nilinyamaza ulipokuwa hapa kwa sababu ya sikukuu na kwa sababu ya mama. Sasa umeondoka, nina kalamu.

Sauna ya mkesha wa Krismasi ni moja tu kwa mwaka mzima, nayo inaogwa jua halijazama. Niliwasha moto tangu asubuhi. Nilichukua maji mwenyewe kwenye tundu la barafu, nilitandaza majani makavu sakafuni, nikayaacha mawe yatulie mpaka moshi wote umetoka. Ndipo akaja mume wa Elvi anahema, Elvi ameshikwa na maumivu, anatoka damu. Nikaenda kwa skii juu ya theluji. Nilikwambia mlangoni, mbele ya mama, "Msiingie kabla sijarudi." Ulisema, "Sawa, dada." Nililisikia hilo "sawa".

Nilikaa na Elvi mpaka damu ikakata. Niliporudi ninyi wawili mlikuwa mmeshaketi mezani, nyuso nyekundu, nywele mbichi, mama amevaa nguo safi, anacheka. Mama, anayecheka mara moja kwa mwaka. Akaniambia, "Saimi amenimwagia mvuke, Hilma, ungekuwepo. Kama hariri." Nikaingia saunani peke yangu. Mawe yalikuwa vuguvugu. Maji yamebaki kata mbili.

Nikaliosha benchi, nikatoka, nikala mkate wa samaki wa Saimi.

Watu huiba fedha, huiba ng'ombe. Wewe umeniibia mkesha wa Krismasi. Na nakujua, hukuingia mle kwa ajili ya kuoga. Ulikwenda kumuuliza mama mimi nikiwa nimeshika damu ya mtu mikononi. Alikwambia nini? Najua hakukupa, hana tena cha kukupa. Alinipa mimi. Nenda kwa Wahungaria, nenda mpaka huko Siberia kwenye mto wako, jibu ni hilo hilo. Alitutazama sote wawili, akanichagua mimi.

Hilma


Tartu, 14 Januari 1937

Hilma,

Umeniuliza mama alisema nini. Nilikuwa nimeamua nife nalo. Lakini umeuliza, tena kwa mdomo ule.

Kweli nilimuuliza. Nilimmwagia mvuke taratibu, kama anavyopenda, akalainika, nikamuuliza kwa nini ilikuwa Hilma na si mimi. Kisha akasema, na nakuandikia neno kwa neno, kwa kuwa kuandika neno kwa neno ndiyo kazi niliyofundishwa: "Nilitaka kukupa wewe. Wewe una mkono mwepesi, wewe ndiye uliyezaliwa nayo. Lakini wewe ungeondoka nayo, na kijiji kingebaki bila mtu. Hilma hana pa kwenda."

Basi hukuchaguliwa. Ulibaki. Sasa unajua.

Saimi


Tartu, 20 Machi 1937

Dada Hilma,

Hii ni ya nne. Zile tatu nimezichana kabla hazijafika posta, kila moja ilikuwa na maneno mengi kuliko nyingine na hakuna iliyosema kitu.

Hukunijibu Januari wala Februari. Kwanza nilifurahi, nikasema imemwingia. Halafu nikaanza kumngoja tarishi dirishani. Mama mwenye nyumba ameniuliza kama nina mchumba.

Sikuandikii kwa ajili ya neno. Nimemwambia Profesa kwamba sina mdomo ulio hai, nitasimama na nyimbo zangu na Wahungaria wangu, Harald anishinde yaishe. Harald ameshaanza kunichangamkia kwenye ngazi, kama mtu anavyomchangamkia mgonjwa. Nilitaka kujua tu kama unakula. Na Elvi anaendeleaje.

Nililolisema lilikuwa kweli, lakini sikulisema kwa sababu ni kweli. Nililisema kwa sababu lingekuuma. Nilikaa nikalichagua.

Nitumie hata karatasi tupu, nijue mkono wako umeigusa.

Saimi


Hirviniemi, 4 Mei 1937

Saimi,

Leo tarishi amevuka ziwa kwa mashua, mara ya kwanza tangu barafu ioze. Ameleta barua yako ya Machi ikiwa imelowa pembeni, na anaisubiri hii huku anakunywa kahawa yangu ya pili. Kwa hiyo nitaandika haraka. Itakufika kabla ya siku yako.

Ile habari ya mama nilikuwa naijua. Aliniambia Jumamosi ile ile, kabla hajafungua mdomo kunipa. Alisema, "Haya yalikuwa ya Saimi, ila Saimi ataondoka." Wewe ulikuwa nje, umetumwa kwa Heluna. Ningeweza kutoka nikakuita. Nikamwambia, nipe. Ulisema nilipita bila kukutazama. Ningekutazama kwa macho gani?

Miezi hii sikukaa kimya kwa sababu umeniambia kitu kipya. Nilikaa kimya kwa sababu sasa na wewe unajua. Nilikuwa nimekizoea nikiwa nacho peke yangu. Kila nilipokuandikia "alinipa mimi", nilikuwa naandika kwa mtu ambaye huenda ananiamini.

Elvi amejifungua. Alishikwa siku ambayo ziwa lilikuwa linalia kwa nyufa tangu alfajiri, na mume wake akasimama ufukweni akipunga shuka kumwita mkunga ng'ambo, kana kwamba mkunga angeruka. Tukamwingiza saunani, moto mdogo, mvuke mdogo. Alikuwepo mama mkwe wake, na mama yetu alikaa karibu na mlango, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ilichukua mchana wote. Mtoto alitoka mzima wa viungo, msichana, rangi ya maziwa yaliyochujwa, na hakulia.

Niliyasema yale maneno. Nikayasema tena, yote, kama nilivyopewa, bila kuruka. Kimya. Nikamwona mama anainuka pale mlangoni, na nikajua anakuja kuyasema yeye, yake hayana nguvu tena, lakini anakuja kwa sababu anaona mimi siye. Nikamwambia, "Kaa chini, mama." Sijawahi kumwambia mama hivyo. Akakaa.

Basi nikayaacha maneno. Nilimkamua mtoto makamasi kwa kidole, nikampulizia mdomoni, nikamsugua mgongo, nikawa namwita tu kama unavyomwita ndama aliyejificha majanini, njoo, njoo, njoo wewe mpumbavu. Sijui ilichukua muda gani. Akakohoa. Kisha akatupigia kelele kama mnada.

Elvi alikuwa amegeuzia uso ukutani. Akauliza, "Vipi?" hivyo tu, kwa sauti ya mtu aliyeshauliza mara mbili na kujibiwa. Nami nikamjibu, "Löyly imemrudia."

Nimeliwaza hilo jibu kwa siku nyingi. Si sehemu ya yale maneno. Mle limekaa vingine, na pale lilipokaa litabaki. Hili nililisema mimi, nimechoka, nafuta mikono, kama ninavyosema kahawa imechemka. Sijui nililiokota wapi. Nadhani lilikuwa mdomoni mwa watu wa huku siku zote na hakuna aliyekuja kuuliza, maana mama mkwe wa Elvi hakushtuka hata kidogo. Alisema, "Ya ndama wetu wa mwaka juzi nayo ilichelewa kurudi," akaenda kutafuta shuka. Jumapili nilimrudia nikamuuliza, kwa ujanja, kama unavyowauliza wewe. Akasema kwao utotoni kila mtu alisema hivyo, ya mtu au ya mnyama, na akaniuliza kama nimeumwa kichwa.

Basi chukua. Sijakupa cha mama, kwa hiyo sijabaki mtupu. Nimekupa nilichosema mwenyewe. Usidhani nimelainika. Bado nina mkesha wa Krismasi rohoni, na nimeuweka mahali ambapo nitaupata nikiuhitaji. Ila nikifikiri kijana wa nywele za mafuta anakuchangamkia kwenye ngazi kwa sababu yangu, damu inanichemka. Wa kukushinda ni mimi, si Harald.

Mama aliyaona yote hayo. Tuliporudi nyumbani alitembea mbele yangu njia nzima, na mlangoni akasema nimefanya kazi nzuri. Kisha akaongeza kwamba Saimi angemwaga maji kidogo zaidi. Nilicheka mpaka nikashika kizingiti, na yeye hakuelewa nacheka nini.

Tarishi amesimama. Profesa atakuuliza umelitoa mdomo gani. Usimwambie ni wa mama, wala usimwambie ni wa dada yako, maana nimekuwa wa mama na wa Saimi maisha yangu yote. Mwambie ni mwanamke wa Hirviniemi, naye uliandike jina lake vizuri, herufi zote, bila nyota mbele.

Hilma Ropponen